Babu aliishia pale binti alipotiwa ndani ya ngoma. Nani anaujua wimbo wake? Na hadithi za jioni zimekwenda wapi?

#1 Mtoto wa Kilolo
Wakuu, habari za jioni.

Juzi nimerudi kutoka kijijini, Kilolo, nilikokwenda msibani. Kuna jambo limenikaa rohoni na sipati usingizi.

Babu yangu, mdogo wake babu mzaa mama, amevuka miaka 85. Enzi zetu ndiye aliyekuwa msimulizi wa kitongoji kizima. Mwezi wa saba, ile baridi ya kung'ata masikio, watoto wa nyumba tano sita tulijazana jikoni kwake kuzunguka moto, machozi yanatutoka kwa moshi na hakuna anayetaka kwenda kwao. Alikuwa na masharti yake. Hasimulii mchana. Hasimulii ukiwa umelala. Na usipoitikia, ananyamaza.

Safari hii nimekuta sola juu ya bati na runinga sebuleni. Wajukuu saba wamekaa chini wanaangalia tamthilia ya Kituruki iliyotiwa Kiswahili. Babu yuko pembeni, blanketi begani. Nikamwomba hadithi. Akafurahi, akakohoa, akaanza. Mjukuu mmoja wa miaka tisa hivi akamwambia, kwa adabu kabisa, "Babu, subiri matangazo."

Babu akasubiri. Matangazo yalipoingia akasimulia mbio mbio: mabinti walikwenda mtoni kuoga, mmoja akasahau shanga zake juu ya jiwe, akarudi peke yake jua linazama, akakuta zimwi limekalia lile jiwe. Zimwi likamtia ndani ya ngoma, likawamba ngozi, likaanza kuzunguka vijijini. Likipiga, binti anaimba. Babu akavuta pumzi aanze wimbo, matangazo yakaisha. Akafunga mdomo. Hakuna aliyeuliza "ikawaje?" Hata mimi sikuuliza.

Ule wimbo nimeuimba mara mia utotoni. Ulikuwa wa Kihehe, na leo sikumbuki hata neno moja. Hadithi ninayo, wimbo sina.

Naomba mnisaidie mawili. Nani anaujua? Na nini hasa kimetupokonya hadithi za jioni huku nyanda za juu?

#2 Ulanzi Mtogwa
Kamwene dada. Pole na msiba.

Mwisho wake naujua. Zimwi lilifika kijijini kwao binti bila kujua. Likapiga ngoma, mama akaitambua sauti ya mwanawe. Wakalikaribisha ulanzi, ile pombe ya mianzi, likanywa, likalala. Wakafumua ngozi, wakamtoa binti, wakajaza nyuki. Zimwi likaamka, likaenda kupiga ngoma kijiji cha pili. Yaliyolipata unayajua. Wimbo bibi yangu aliimba kwa Kibena, nami nimeupoteza kama wewe.

#3 Mama wa Tukuyu
Ndaga. Kwetu Rungwe si ulanzi, ni kimpumu, pombe yetu ya kienyeji. Na si nyuki, ni siafu. Bibi akifika kwenye siafu alitufinya mapaja kwa vidole vyote kumi, tunaruka juu tunapiga kelele, halafu tunaomba arudie kuanzia mtoni. Nina miaka 51 na bado nikiona ngoma nasikia vile vidole.

#4 Kijana wa Uyole
Swali la pili halina ugumu: runinga na simu. Kijijini kwa mama umeme wa REA, wakala wa umeme vijijini, ulipofika, haukupita mwezi kikafunguliwa kibanda umiza, kile cha kuonyeshea filamu. Mia mbili unaona filamu mbili zenye sauti ya DJ anayetafsiri. Bibi yangu alikuwa anatuita tukale, hatusikii. Nilikuwa mmoja wao, na inaniuma.

#5 Mwalimu Mstaafu
Kijana wa Uyole, unakiri makosa ambayo si yako peke yako. Nilianza kufundisha 1978 wilaya ya Mufindi. Huku Bara runinga zimeanza kurusha 1994. Mwaka ule wa 1978 nikiwaambia darasa la nne waniletee hadithi kutoka kwa babu zao, nusu walirudi mikono mitupu. Simu za mkononi zilikuwa hazijafika.

Mimi nasema ni kuhama. Watu wa huku walikaa mtawanyiko, kila ukoo na bonde lake. Msimulizi alikuwa ananyoosha kidole: "Mnaliona lile korongo? Zimwi lilipita pale." Tulipohamishiwa vijiji vya mstari, nyumba kwa nyumba kando ya barabara, kidole kikakosa pa kuelekea. Baba yangu alijaribu. Alisimulia hadithi ya mwamba ambao hatukuwahi kuuona, uko mwendo wa siku nzima nyuma ya vilima. Mdogo wangu akamuuliza kama upo kweli. Hakuirudia tena hadithi ile.

#6 Msafiri wa Makambako
Mwalimu ana hoja nzito. Azimio la Arusha 1967 lilihamisha watu kwa nguvu na mengi yakapotelea hapo.

#7 Mwalimu Mstaafu
Hapana mwanangu, tenganisha. Azimio la Februari 1967 lilihimiza ujamaa, na vijiji vya mwanzo watu waliingia kwa kushawishiwa. Agizo kwamba kila mtu lazima awe kijijini Mwalimu Nyerere alilitoa Novemba 1973, na mwisho wake ukawekwa 1976. Hapo ndipo malori yalipokuja.

Sisemi kwamba vijiji havikuleta shule na zahanati. Vimeleta, na mimi nimekula mshahara wa shule hizo. Nasema tu hadithi zilikuwa na anwani. Nenda Gangilonga pale Iringa mjini. Jina lenyewe kwa Kihehe ni jiwe linaloongea. Leo watu wanapanda kuangalia mji na kupiga picha. Ni wangapi wamewahi kuambiwa lilikuwa linaongea nini?

#8 Fundi Bati
Nimesoma mabandiko yote. Naomba niseme la fani yangu.

Mimi najenga nyumba, Iringa na Njombe, mwaka wa 19 huu. Tembe ya Kihehe ya zamani ilikuwa na paa bapa la udongo, na moto ulikuwa ndani. Moto ule ulipika, ulipasha watu joto, ulikausha mahindi na ulitoa mwanga. Giza likiingia hukuwa na pa kwenda zaidi ya pale, iwe unampenda babu au humpendi.

Sasa kila mteja ananiambia neno moja: fundi, jiko liwe nje kule nyuma, moshi usiniharibie dari. Namjengea. Mama na mabinti wako jikoni nyuma, baba yuko sebuleni, wavulana wana chumba chao chenye mlango wa nje, babu kapewa chumba cha uani. Siku moja nilimaliza nyumba nzuri sana huko Ilula, tukaita wazee waibariki. Mzee mmoja akazunguka vyumba vyote na fimbo yake, akarudi akaniuliza, "Fundi, hapa watu wanakaa wapi?" Nikamwonyesha sebule. Akasema, "Hapa wanakaa wageni. Nauliza watu." Nikakosa jibu.

#9 Mngoni wa Peramiho
Watani zangu Wahehe, poleni. Lile zimwi kwetu Songea lilipita likapigiwa makofi, likapewa na ugali. Lilipofika kwenu, mkasikia ngoma mkadhani ni vita, mkakimbilia mikuki. Wimbo mngeusikilizia wapi?

#10 Ulanzi Mtogwa
Mtani umefika! Tulidhani ni vita kwa sababu kila mlipokuja nyie ilikuwa vita. Karibu nikupe mkangafu, ulanzi uliokomaa, maana mtogwa, ule mtamu, utautapika.

#11 Mama wa Tukuyu
Watani, vita vyenu vya kuelekea 1882 havikupata mshindi, mpumzike. Fundi Bati, bandiko lako namba 8 nimemsomea mume wangu. Tumenyamaza wote wawili, maana jiko letu liko nyuma.

#12 Neema ya Makete
Nimekuwa nasoma tu, ila leo nachangia.

Mnataja runinga, vijiji, majiko. Mimi nimezaliwa Makete 1992. Wazazi wangu wote wawili waliondoka kabla sijamaliza darasa la tatu. Mnajua kwa ugonjwa gani, na mnajua mkoa wetu. Hata utafiti wa kitaifa wa 2016 na 2017, dawa zimeshafika, Njombe na Iringa zote zilipita asilimia 11 za maambukizi ya VVU kwa watu wazima na Mbeya tisa na ushee, wakati nchi nzima ilikuwa karibu na tano. Sasa fikirieni miaka ya nyuma, wakati dawa hazipo.

Tulilelewa na bibi, wajukuu sita. Mtu atasema basi nyie ndio mlipaswa kujaa hadithi, mmelala na bibi chumba kimoja. Bibi alikuwa na miaka 70. Alitoka alfajiri kwenda kwenye viazi, akarudi na kuni kichwani, akapika, akatuogesha wale wadogo. Akikaa chini tunamwambia, "Bibi, hadithi." Anaanza. Sungura alimwambia fisi. Kimya. Tunamtazama, amelala amekaa, mwiko bado mkononi. Dada yangu mkubwa anautoa ule mwiko taratibu asimwamshe.

Kwa hiyo nina hadithi nyingi sana za sungura na fisi, na zote zinaishia sungura alipomwambia fisi. Alichomwambia sikijui.

Waliopaswa kumpokea bibi usimulizi walikuwa mama zetu na baba zetu. Hao ndio waliokosekana katikati.

#13 Kijana wa Uyole
Pole sana dada Neema. Nimesoma mara mbili.

#14 Mwalimu Mstaafu
Neema, nimefundisha watoto wa namna yako, darasa moja nilikuwa nao kumi na mmoja. Sikuwahi kulifikiria jambo hili kwa upande huo. Nashukuru umeliandika.

#15 Mzawa wa Mafinga
Naongeza lugha. Shule ya msingi niliyosoma (siitaji), ukiongea kilugha unavalishwa kibao shingoni. Unatembea nacho mpaka umsikie mwenzako akikosea, umvishe yeye. Mwisho wa siku aliyebaki nacho anachapwa. Tulijifunza kupeleleza hata mama zetu. Nilikuwa nikirudi nyumbani bibi akiniita kwa Kihehe namjibu kwa Kiswahili, kwa hofu tu, na kibao nimekiacha shule. Hadithi unaweza kuitafsiri. Wimbo ulio ndani ya hadithi hautafsiriki, ndiyo maana mtoa uzi amebaki na hadithi bila wimbo.

#16 Msafiri wa Makambako
Hapo nakataa kidogo. Kiswahili ndicho kimetuwezesha Mbena, Mnyakyusa na Mngoni kukaa kwenye uzi huu mmoja tukalinganisha nyuki na siafu. Bila hicho kila mtu angebaki na zimwi lake.

Na si zote zimekufa. Habari za Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, mbona kila mtoto wa Iringa anazijua? Vita vya Lugalo 1894, fuvu lake walilochukua Wajerumani kurudishwa tulipopata uhuru 1961.

#17 Mjukuu wa Kalenga
Mkuu, umekosea yote mawili. Lugalo ni tarehe 17 Agosti 1891, siku aliyouawa kamanda wa Wajerumani, Zelewski. 1894 ni ngome ya Kalenga ilipoanguka. Mkwawa alijipiga risasi Julai 1898 kule Mlambalasi asikamatwe. Na fuvu lilirudi Juni 1954, gavana Twining akamkabidhi Chifu Adam Sapi. Uhuru ulikuwa bado.

Lakini umegusa jambo. Mkwawa ana jumba la makumbusho, ana tarehe, yumo kwenye vitabu vya shule. Binti wa kwenye ngoma hana hata kimoja. Babu yangu alisimulia vyote viwili usiku mmoja, pumzi moja. Kwake havikuwa na tofauti. Kilichoingia kwenye mtihani tunacho. Kisichoingia ndicho tunachokitafuta humu.

#18 Mjukuu wa Kalenga
Nimesahau: watu wa nje waliwahi kurekodi. Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alipita Iringa mwaka 1950 na mitambo yake, akarekodi ligombo, kile chombo chetu cha nyuzi, pamoja na nyimbo zake. Rekodi zinatunzwa Afrika Kusini. Mara ya kwanza niliposikia moja, nilikuwa kwenye daladala nimevaa spika za masikio, nikapitiliza kituo. Ilikuwa sauti ya jikoni kwa babu, na mpigaji alishakufa zamani.

#19 Mama wa Tukuyu
Jamani, wazee wenu walifunguaje hadithi? Maana watoto wangu wanajua "Paukwa, Pakawa" tu.

#20 Mwalimu Mstaafu
Paukwa ni ya pwani. Huku imeletwa na vitabu vya shule, na redio. Kile kipindi cha watoto, Mama na Mwana, cha RTD, Redio Tanzania Dar es Salaam, kilituingizia mengi. Baba yangu hakuwa na neno la kufungulia. Aligonga figa mara mbili kwa kijiti cha kuni, cheche zinaruka, watu wananyamaza.

#21 Mzawa wa Mafinga
Mwalimu, sasa redio nayo tuihukumu? Mama yangu alijifunzia hadithi redioni ndipo akatusimulia sisi. Bila RTD ningekuwa sina hata moja.

#22 Mwalimu Mstaafu
Sihukumu. Nami nilikuwa nasikiliza, betri nazianika juani zipate nguvu.

#23 Mchungaji wa Kiwira
Bwana asifiwe. Nasubiri muanze kulilaumu kanisa, naona mmenistahi. Niseme mwenyewe. Wapo watumishi waliokataza hadithi za mazimwi, wakisema ni mambo ya giza. Nimewahi kuhubiri hivyo, miaka ya mwanzo ya utumishi wangu. Lakini jina la Kyala tunalomwitia Mungu kwa Kinyakyusa, kabla ya wamisionari lilikuwa la shujaa katika simulizi za kando ya ziwa. Wamisionari walilichukua humo humo kwa wazee wasimulizi. Nililijua hilo nikiwa na miaka 40, na tangu siku hiyo kila Jumamosi jioni watoto wa shule ya Jumapili wanakuja kwangu na mzee mmoja wa mtaa. Mwanzoni walikuja wanne.

#24 Bodaboda wa Mlowo
Mnaandika kama hadithi zimezikwa. Njooni kijiweni. Tuna dereva mwenzetu, akianza habari ya abiria aliyembeba usiku akageuka kuangalia nyuma hayupo, bodaboda ishirini hazina kazi. Anaigiza sauti, anaimba, sisi tunaitikia. Hiyo si hadithi? Msibani je? Usiku wa matanga wazee wanakesha na nini, si hadithi? Babu wa mtoa uzi hajaishiwa. Kawekwa sebuleni tu, na sebule si mahali pake, kama alivyosema Fundi.

#25 Neema ya Makete
Bodaboda, kweli msibani zipo. Ila za msibani watoto wanaambiwa waende kulala.

#26 Ulanzi Mtogwa
Na kilabuni hawaruhusiwi. Ulanzi unagemwa masika, wazee wanakaa chini ya mianzi mpaka jioni na midomo haifungi. Nimesikia huko hadithi ambazo bibi hakuwahi kunipa. Watoto ndio waliobaki nje, na zamani wao ndio walikuwa wenye hadithi.

#27 Mtoto wa Kilolo
Wakuu, asanteni. Nina mrejesho.

Nilimpigia babu saa nne asubuhi nikamwomba aniimbie. Akaniambia, "Wewe, ni mchana." Nikapiga usiku. Akasema hawezi kuimba ndani ya simu, hajui anamwimbia nani na nani ataitikia. Nikakata tamaa.

Jana usiku binamu yangu wa sekondari amenitumia sauti, dakika sita. Umeme wa sola uliisha kwa mawingu ya siku tatu, runinga haikuwaka. Wakahamia jikoni kuota moto. Babu akaanza mwenyewe, mtoni, shanga, jiwe. Wale saba wanaitikia, nasikia kabisa sauti ya yule wa "subiri matangazo", anaitikia kuliko wote.

Mwisho wa babu si wenu wowote. Mama hakuitambua sauti, alikuwa anacheza tu ngoma na wenzake. Aliyetambua ni mdogo wake binti, mtoto wa kubebwa mgongoni, akalia kila wimbo ulipofika jina. Nyuki wapo. Siafu pia wapo, Mama wa Tukuyu.

Wimbo upo, babu ameurudia mara nne. Nimeusikiliza usiku kucha. Siuelewi. Nashika neno la mama na neno la maji, mengine yananipita. Naweka sauti hapa. Wa Kihehe cha Kilolo, nisaidieni kuandika maneno.

#28 Mjukuu wa Kalenga
Nimesikiliza. Mstari wa kwanza anasema "mama, wanaokwenda mtoni wamerudi". Wa pili nina mashaka, kuna neno la zamani. Nadhani ni kuita.

#29 Mzawa wa Mafinga
Si kuita, ni kuhesabu. Bibi alilitumia akihesabu kuku jioni. "Mama, tuhesabu."

#30 Mjukuu wa Kalenga
Likiwa kuhesabu, maana yote inabadilika. Atakuwa anamwambia mama ahesabu mabinti aone amepungua mmoja.

#31 Mwalimu Mstaafu
Msikimbilie kuandika. Katika ile mara ya tatu analitamka taratibu zaidi, ila kuna mtoto anakohoa juu yake. Dada, mwombe binamu akamuulize babu. Jioni lakini, asiende mchana.